Komedi nyeusi sita za Uingereza: ipi ya kuanza nayo na ipi ya kusubiri

Anayetaka kuanza kutazama komedi nyeusi za Uingereza, yaani zile filamu zinazomfanya mtu acheke mbele ya maiti, mauaji, ugaidi au udikteta, hupata shida kuchagua, kwa sababu orodha nyingi huzipanga filamu hizo kwa umaarufu au kwa wingi wa damu, na hakuna kati ya vigezo hivyo kinachomwambia atakuwa katika hali gani filamu ikiisha. Kati ya filamu mbili zenye idadi sawa ya vifo, moja inaweza kumwacha mtu akiwa mchangamfu na nyingine ikamwacha hana usingizi. Ulinganisho huu unachukua filamu sita, kuanzia mwaka 1949 hadi 2017, na unazipima kwa maswali mawili: filamu inakuketisha karibu na nani, na adabu inafanya kazi gani ndani yake.

Swali la adabu linahitaji maelezo kidogo, kwa kuwa ndilo linalobeba hoja yangu yote. Naamini kwamba mvuto wa komedi nyeusi ya Kiingereza hautoki kwenye kifo chenyewe. Unatoka kwa watu wanaokataa kubadilisha mwenendo wao kwa sababu ya kifo. Wahusika wa filamu hizi hufa na tai shingoni. Chai humiminwa kwa utaratibu, mgeni hukaribishwa, sauti haipandishwi, na yule anayepanga kuua huomba radhi kwa kumkanyaga mwenzake mguu. Mtazamaji anayeifuatilia adabu hiyo atacheka tangu dakika za mwanzo, na anayesubiri vituko vya kuanguka na kukimbizana ataona filamu imelala.

Ni vizuri kuanza na filamu mbili zilizotoka nyumba moja. Kind Hearts and Coronets ya mwaka 1949, iliyoongozwa na Robert Hamer, na The Ladykillers ya mwaka 1955, iliyoongozwa na Alexander Mackendrick, zilitengenezwa na studio ya Ealing, magharibi mwa London, chini ya mtayarishaji Michael Balcon, na zote mbili zina mwigizaji Alec Guinness. Watazamaji wa kwanza wa filamu hizo walikuwa watu waliotoka vitani, ambao chakula chao kiliendelea kugawiwa kwa vipimo vya serikali hadi mwaka 1954, na ambao walijua kuwa adhabu ya kunyongwa ilikuwa bado inatekelezwa nchini mwao. Kifo hakikuwa jambo geni kwao. Jambo geni lilikuwa kuruhusiwa kukicheka hadharani, tena kwa lugha safi kiasi hicho.

Kind Hearts and Coronets inakuketisha karibu na muuaji, na hapo ndipo ilipo nguvu yake na hatari yake. Louis Mazzini, anayeigizwa na Dennis Price, ni mtoto wa mwanamke wa ukoo wa kilodi aliyetengwa na ndugu zake kwa kuolewa na mwimbaji wa Kiitaliano. Mama huyo anapofariki, ukoo unamnyima nafasi katika kaburi la familia, na kijana anaamua kuwaondoa wote waliosimama kati yake na cheo cha Duke. Guinness anaigiza wanaukoo wanane, miongoni mwao kasisi, jenerali, admirali na mwanamke mmoja mpigania haki, na kila mmoja ana mwendo wake, sauti yake na upumbavu wake. Anayetusimulia yote ni Louis mwenyewe, akiandika kumbukumbu zake gerezani kwa Kiingereza kilichopangwa vizuri mno, na utulivu wa sauti hiyo ndio unaotufanya tumkubali kabla hatujajiuliza tumemkubalia nini.

Kama ningetakiwa kumwonyesha mtu tukio moja tu ili aelewe aina hii ya filamu, ningemwonyesha lile la bustanini. Louis anakunywa chai na Edith, mke wa Henry, kijana wa ukoo huo anayependa kupiga picha. Mlipuko unasikika, moshi unapanda nyuma ya ukuta kutoka kwenye chumba cha kusafishia picha alimo Henry, na Louis anaendelea na mazungumzo kwa sauti ileile aliyokuwa nayo, kwa sababu kumkatiza mwanamke anayezungumza kungekuwa utovu wa adabu. Hatuoni mwili wala tone la damu. Tunachoona ni kikombe, uso uliotulia na moshi unaozidi kupanda, na kicheko kinamtoka mtazamaji kabla hajapata nafasi ya kukizuia. Na filamu yenyewe inafunguka kwa mnyongaji anayefika gerezani akiwa na hangaiko moja kubwa, nalo ni namna sahihi ya kumwita Duke anayekwenda kumnyonga.

Msomaji wa Kiafrika anastahili kuambiwa mambo mawili kabla ya kuitazama. Louis anajifanya askofu aliyetoka Matabeleland, katika Zimbabwe ya leo, na kunatolewa maneno ya kubuni yanayodaiwa kuwa lugha ya huko. Pia kuna wimbo wa watoto wa kuhesabia ambao, katika toleo la Uingereza, una neno la kibaguzi dhidi ya watu weusi. Toleo lililoonyeshwa Marekani lilibadilisha neno hilo. Mambo haya ni mafupi na hayaibebi hadithi, lakini yanauma, na mtu akiyajua mapema anaweza kuamua mwenyewe. Kwangu mimi hayaishushi filamu hii kutoka nafasi ya kwanza, kwa sababu hakuna nyingine kati ya hizi sita inayoufunua ukatili wa watu wa tabaka la juu kwa upole wa namna hii.

The Ladykillers inafanya kinyume: inakuketisha karibu na anayetakiwa kuuawa. Bi Wilberforce, mjane mzee anayeishi peke yake karibu na stesheni ya King's Cross, nyumba yake ikiwa juu kabisa ya njia ya reli ipitayo chini ya ardhi, anampangisha chumba mtu anayejiita Profesa Marcus, ambaye ni Guinness tena, safari hii akiwa na meno makubwa na tabasamu la kutisha. Profesa na wenzake wanne wanadai kuwa ni wanamuziki wanaofanya mazoezi. Kumbe wanapiga santuri ya muziki wa Boccherini huku wakipanga wizi. Kila wanapokaribia kuafikiana, mama wa watu anabisha hodi kuuliza kama wangependa chai, na wote wanaruka kushika fidla zao. Adabu hapa si kinyago cha muuaji. Ni ngome ya bibi kizee, na majambazi watano wanashindwa kuivunja kwa sababu, hata baada ya kukata shauri kwamba lazima afe na kupiga kura ya njiti za kiberiti kumpata wa kumuua, hakuna anayeweza kumtazama usoni na kufanya hivyo. Katie Johnson, aliyeigiza nafasi hiyo akiwa na zaidi ya miaka 70, alipewa tuzo ya BAFTA, ile tuzo ya filamu ya Uingereza, ya mwigizaji bora wa kike wa Uingereza, na aliistahili.

Kwa hiyo, baina ya hizi mbili, uamuzi si mgumu. Anayetazama na wazazi au watoto wakubwa achukue The Ladykillers: ni ya rangi, ina urefu wa saa moja na nusu hivi, haina matusi, na vifo vyake vinawapata wale tuliokwisha kuwachoka. Anayependa lugha, anayeweza kuvumilia picha nyeusi na nyeupe, na asiyeogopa kujikuta anamtakia muuaji mafanikio, achukue Kind Hearts and Coronets. Filamu ya mwaka 1955 iliigizwa upya nchini Marekani mwaka 2004 na ndugu Coen, Tom Hanks akiwa Profesa, lakini anayetafuta ladha ya Kiingereza hataipata humo.

Death at a Funeral ya mwaka 2007, iliyoongozwa na Frank Oz, ndiyo nyepesi kuliko zote, na sitaipa nafasi kubwa, ingawa ndiyo itakayoeleweka haraka zaidi na msomaji wa Afrika Mashariki. Mazishi yanafanyika nyumbani kwa marehemu. Jeneza linafunguliwa na aliyelala ndani ni mtu mwingine. Mgeni mmoja amemeza kidonge alichodhani ni cha kutuliza wasiwasi kumbe ni dawa ya kulevya. Na mwanamume asiyefahamika, anayeigizwa na Peter Dinklage, amekuja na siri ya marehemu anayotaka kulipwa ili aifiche. Katika jamii nyingi za Tanzania, watani huja msibani wakiwa na ruhusa ya kuchekesha: humwigiza marehemu, huweka vizuizi mpaka wapewe chochote, huwatania wafiwa mbele ya watu, na hakuna anayewakasirikia kwa sababu kazi hiyo ina wenyewe. Familia iliyomo kwenye filamu hii haina mtani. Kila mmoja analazimika kubaki na uso wa majonzi, kuzungumza kwa kunong'ona na kujifanya hakuna kilichoharibika, na kadiri wanavyojikaza ndivyo mambo yanavyozidi kufumuka. Aliyewahi kuona jinsi watani wanavyolegeza msiba atatambua mara moja kinachokosekana katika nyumba ile.

Kuna toleo la Kimarekani la mwaka 2010, lenye Chris Rock na Martin Lawrence, lenye hadithi karibu ileile na Dinklage yuleyule katika nafasi ileile. Wengi waliliona hilo kwanza. Nawashauri waitazame ya Uingereza pia, kwa kuwa katika ile ya Kimarekani watu wanapiga kelele mapema, na kelele zikishatolewa kichekesho kinapungua makali. Zote mbili hazifai kwa watoto.

Tukihamia upande mwingine, In Bruges ya mwaka 2008 na Four Lions ya mwaka 2010 ndizo zinazohitaji tahadhari kubwa zaidi, na ndizo ninazozipenda kwa moyo mzito. Zote mbili zinakuketisha karibu na watu ambao gazeti lingewaita wauaji katika sentensi moja na kuishia hapo. Zote mbili zinakuchekesha kwa muda mrefu, kisha zinakudai.

In Bruges iliandikwa na kuongozwa na Martin McDonagh, aliyezaliwa London kwa wazazi wa Kiairishi, na mswada wake ulipata tuzo ya BAFTA. Wauaji wawili wa kukodiwa, Ray na Ken, wanaoigizwa na Colin Farrell na Brendan Gleeson, wanatumwa na bosi wao wakajifiche Bruges, mji wa kale nchini Ubelgiji, siku chache kabla ya Krismasi. Ken anafurahia makanisa na mifereji. Ray anauchukia kila ukuta. Mzaha wa mwanzo ni huo tu, wa watalii wawili wasiolingana, mpaka tunapojua kwa nini wamefichwa: katika kazi yake ya kwanza Ray alimuua mtoto bila kukusudia, na hawezi kuishi na jambo hilo. Nimelitaja hapa kwa makusudi, kwa sababu mzazi aliyefiwa na mtoto hapaswi kukutana nalo bila kuonywa, na pia kuna tukio la mtu anayetaka kujiua.

Adabu ya filamu hii ni ya wahalifu. Harry, bosi wao, anayeigizwa na Ralph Fiennes, ana kanuni zake ambazo hazivunji hata zikimgharimu yeye mwenyewe. Karibu na mwisho kuna mapigano ya bunduki yanayosimamishwa kwa sababu mama mwenye hoteli, ambaye ni mjamzito, amesimama kwenye ngazi na anakataa kuondoka. Basi wanaume wawili wanaotaka kuuana wanaanza kujadiliana, kwa ustaarabu kabisa, namna ya kwenda kuendelea nje bila kumdhuru. Nimelitazama tukio hilo mara nyingi, na kila mara nahisi vicheko na hofu kwa wakati mmoja, bila kimoja kukipunguza kingine. Lugha ya filamu ni ya matusi tangu mwanzo hadi mwisho, na kuna mizaha mikali kuhusu rangi za watu na kuhusu mwigizaji mfupi wa kimo. Mizaha hiyo imewekwa midomoni mwa watu wajinga na filamu inajua kuwa ni wajinga, lakini asiyetaka kuisikia ana haki ya kuikwepa.

Four Lions, ya mwongozaji Chris Morris, ni nzito kwa namna nyingine. Inawafuata vijana wa Kiislamu wa mji wa Sheffield wanaopanga shambulio la kujitoa mhanga, mwishowe wakizielekea mbio za marathoni za London wakiwa ndani ya mavazi ya kuchekesha. Ilitoka miaka mitano baada ya mashambulio ya London ya Julai 7, 2005, na Morris alikuwa ametumia miaka kadhaa kuchunguza mada hiyo kabla ya kupiga picha. Matokeo yake yalipata tuzo ya BAFTA ya wanaoanza.

Nairobi na Dar es Salaam zilipigwa siku moja, Agosti 7, 1998, na zaidi ya watu 200 walikufa. Kisha yakaja Westgate mwaka 2013 na Garissa mwaka 2015. Aliyepoteza mtu katika siku hizo asilazimishwe na yeyote kuitazama filamu hii kwa jina la sanaa. Kwa wengine, hasa Waislamu wa pwani wanaojiuliza kama watadhihakiwa, naweza kusema kwa uhakika kwamba dini haikufanywa kichekesho. Mtu mcha Mungu kuliko wote katika hadithi ni kaka wa Omar, kiongozi wa kundi hilo, naye kaka huyo anapinga umwagaji damu waziwazi. Na mkaidi kuliko wote ni Barry, Mwingereza mweupe aliyesilimu, anayejua kidogo na kupiga kelele zaidi. Kinachodhihakiwa ni ujinga unaovaa joho la ushujaa, pamoja na vyombo vya dola vinavyomshuku asiyehusika na kumwacha anayehusika.

Kinachonishtua zaidi katika Four Lions ni utulivu wa nyumba ya Omar, anayeigizwa na Riz Ahmed. Ni baba mwema. Anamsimulia mwanawe hadithi ya mtoto wa simba kabla ya kulala, akiigeuza iwe hadithi ya mapambano yake mwenyewe. Anazungumza na mkewe kuhusu kifo chake kijacho kwa upendo na utani, kana kwamba anahamishiwa kituo kingine cha kazi. Hapo adabu imekuwa ya kifamilia, na ndiyo maana inatisha kuliko vyeo vya ukoo wa mwaka 1949. Baina ya hizi mbili, anayetaka kufikiri juu ya toba na hatia aanze na In Bruges. Anayetaka kuelewa jinsi watu wa kawaida wanavyojiingiza katika jambo la kutisha huku wakichekeana, achukue Four Lions, lakini asiitazame peke yake usiku, kwa sababu atahitaji mtu wa kuzungumza naye baadaye.

The Death of Stalin ya mwaka 2017, ya Mskoti Armando Iannucci, inakaa karibu na Four Lions kwa kuwa zote mbili zinahusu siasa, ila moja inatazama walio chini kabisa na nyingine walio juu kabisa. Inaanza na tamasha la redio mjini Moscow: Stalin, mtawala wa Umoja wa Kisovieti, anapiga simu kuomba rekodi, rekodi haikufanywa, kwa hiyo milango inafungwa, watu wanaokotwa barabarani kujaza viti, na muziki unapigwa upya usiku huohuo kwa hofu. Kisha Stalin anaanguka, Machi 1953, na wajumbe wa kamati wanasimama kuzunguka mwili wake uliolowa mkojo wakijadili kama kamati ina akidi ya kuamua aitwe daktari, huku madaktari wazuri wakiwa wamekwisha kukamatwa. Waigizaji hawakujaribu lafudhi ya Kirusi: Steve Buscemi anamwigiza Khrushchev, mmoja wa wajumbe hao, kwa sauti yake ya Kimarekani, na Zhukov, mkuu wa jeshi, wa Jason Isaacs anazungumza kama mtu wa Yorkshire, uamuzi unaoifanya hofu ile ionekane kuwa ya mahali popote.

Katika filamu hii adabu imegeuka kuwa itifaki ya woga: kura lazima ziwe za pamoja, mkono lazima upandishwe wakati wengine wanapandisha, na machozi lazima yaonekane. Mganda aliyeishi enzi za Idi Amin, au Mkongomani wa enzi za Mobutu, hatahitaji kuelezwa kwa nini watu wazima wanacheka mzaha wa mkubwa kabla haujaisha. Urusi ilifuta kibali cha kuionyesha Januari 2018. Tahadhari yake ni kwamba Beria, mkuu wa polisi wa siri, anayeigizwa kwa ustadi mkubwa na Simon Russell Beale, ni mtesaji na mbakaji, na filamu haikwepi kulionyesha hilo. Dakika za mwisho hazina kichekesho chochote, na hazikukusudiwa kuwa nacho. Anayejua kidogo historia ya Urusi atafaidi zaidi, lakini asiyejua ataelewa yote kutokana na jinsi wajumbe wanavyogombania nafasi ya kusimama kando ya jeneza.

Limebaki jambo la lugha, ambalo kwa watazamaji wetu linaweza kuamua kila kitu. Filamu za mapigano zimezoeleka kusimuliwa kwa Kiswahili juu ya picha, na hazipotezi mengi, kwa sababu ngumi inajieleza. Filamu hizi sita zingepoteza karibu kila kitu, kwa kuwa mzaha mara nyingi uko kwenye mpangilio wa sentensi au kwenye ukimya unaofuata. Washa maandishi ya Kiingereza chini ya picha hata kama Kiingereza chako ni kizuri. Filamu mbili za Ealing ndizo rahisi kusikika, kwa kuwa waigizaji wake wanatamka kila neno kama watangazaji wa redio wa zamani. Kiingereza cha Kiairishi cha Farrell kinakimbia, na katika Four Lions, ambamo Kiingereza cha kaskazini kinachanganyika na Kiurdu na misemo ya mtaani, hata Mwingereza wa kusini hulazimika kurudisha nyuma na kusikiliza tena. Kwa sababu hiyo peke yake, ningemwekea Four Lions mwishoni hata mtazamaji mwenye moyo mgumu kuliko wote, na ningemfungulia mlango na Bi Wilberforce na birika lake la chai.